Mgonjwa akishafungwa kitandani, ni nani mwenye kazi ya kumfungua?

Mleta mada (muuguzi, wodi ya wanaume, Tanzania)

Ndugu wadau, naomba tujadili jambo ambalo wengi waliowahi kuuguza ndugu hospitalini wamelishuhudia, nalo ni kumfunga mgonjwa kitandani kwa bandeji, kwa mkanda, au kwa khanga aliyokuja nayo mke wake. Sisemi kwamba lisifanyike kabisa. Kuna saa ambayo mtu anayeweweseka kwa malaria kali huchomoa dripu na kuanza kupanda vyuma vya pembeni mwa kitanda, ilhali chini ni sakafu ya saruji, na wauguzi wawili waliopo zamu hawana namna nyingine ya haraka ya kumwokoa. Ninachotaka kukisema ni kwamba katika wodi nyingi nilizofanyia kazi, kufunga kuna mwenyewe lakini kufungua hakuna mwenyewe. Aliyefunga anajulikana, sababu inajulikana, na hata ndugu huitwa kusaidia kushika miguu. Kisha zamu inabadilika, aliyekuwa akipiga kelele amelala, na anayepokea wodi anakuta mtu amefungwa mikono huku kitabu cha ripoti hakisemi lolote kuhusu saa aliyofungwa, sababu yake, wala hali ambayo akiifikia anapaswa kufunguliwa. Kwa kuwa hajui, anamwacha vilevile. Hivyo jambo lililokusudiwa kuwa la nusu saa linaendelea usiku kucha, bila mtu yeyote kuamua kwamba liendelee usiku kucha.

Tuanzie kabla ya kufunga, kwa sababu huko ndiko mambo mengi yanakoharibikia. Mtu mzima aliyekuwa na akili timamu jana, leo akawa anaita majina ya watu waliokwisha kufariki na kung'ang'ania kwenda nyumbani, huyo si mkaidi. Ubongo wake umevurugika ghafla, na kipo kilichouvuruga. Sukari inaweza kuwa imeshuka. Oksijeni inaweza kuwa haimtoshi. Anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, maumivu ambayo hakuna aliyemuuliza, choo kilichokaza tangu alazwe, au pombe aliyoizoea kila siku ikakatika ghafla alipoingia wodini. Hata dawa tunazompa sisi wenyewe zinaweza kuwa ndiyo sababu. Ukimfunga kabla ya kupima sukari kwenye kidole na kuangalia oksijeni, umeinyamazisha dalili na kuuacha ugonjwa uendelee.

Alfajiri moja nilipokea zamu nikamkuta mzee aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri amefungwa mikono yote miwili kwa khanga. Alikuwa akivuta kwa nguvu na kutukana, na kila alipovuta alikunja magoti kuelekea tumboni. Shuka lake lilikuwa kavu kabisa. Nilipoweka kiganja chini ya kitovu nilikuta kibofu kimejaa na kuwa kigumu kama mpira. Tulimpitishia mpira wa mkojo, mfuko ukaanza kujaa, na kabla hatujamaliza kufungua mkono wa pili alikuwa ameshaanza kusinzia. Fundo la khanga lilikuwa limeloa jasho na kukaza, ikabidi tulikate kwa mkasi, na chini yake ngozi ilikuwa na mstari mwekundu uliozama, na vidole vilikuwa vya baridi. Mzee yule hakuhitaji kufungwa hata dakika moja. Alihitaji mtu wa kumshika tumbo.

Pili, tusidhani kwamba kufunga ni jambo lisilo na gharama mwilini. Mkono uliovutwa nyuma kwa muda mrefu unaweza kuumia mishipa ya fahamu ya begani, na kifundo cha mkono kilichobanwa kinaweza kumwacha mtu na kiganja kilicholegea kwa wiki kadhaa. Anayelala bila kugeuka hupata vidonda vya mgandamizo kwenye nyonga, kisigino na mwisho wa uti wa mgongo. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, kisha bonge likapanda hadi kwenye mapafu na kumwua mtu ambaye ugonjwa wake wa awali ulikuwa unaelekea kupona. Aliyefungwa chali akitapika anaweza kupaliwa kwa sababu hawezi kugeuka wala kukaa. Anayepigana na mkanda kwa saa nyingi huweza kuvunja misuli yake mwenyewe, na taka za misuli hiyo zikaziba figo. Mkanda wa kifuani nao ni hatari ya pekee, kwa kuwa mgonjwa akiteleza kuelekea chini unaweza kumkaba shingoni. Na kumlaza mtu kifudifudi huku watu wamemkandamiza mgongoni ni jambo lililokwisha kuua, kwa hiyo lisifanywe na yeyote kwa sababu yoyote.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1991 kuhusu ulinzi wa watu wenye maradhi ya akili zinasema kwamba mgonjwa asizuiwe mwili wake isipokuwa kwa kufuata utaratibu ulioidhinishwa na kituo, na pale tu ambapo hiyo ndiyo njia pekee iliyopo ya kuzuia madhara ya papo hapo kwake au kwa wengine, na kwamba hali hiyo isiendelee kupita muda unaohitajika kwa lengo hilo. Kanuni hizo hizo zinataka kila tukio, sababu yake na kiwango chake viandikwe kwenye faili la mgonjwa, na zinataka mwakilishi wake, ikiwa yupo, apewe taarifa mapema. Ziliandikwa kwa ajili ya maradhi ya akili, lakini sioni kwa nini mzee wa ngiri apate ulinzi mdogo kuliko huo.

Pendekezo langu ni kwamba uamuzi wa kufungua ufanywe palepale mtu anapofungwa. Muuguzi anayekaza fundo aandike saa, sababu aliyoiona kwa macho yake (si neno "msumbufu", bali "amechomoa dripu na ameteremka kitandani mara mbili"), njia alizojaribu kwanza, na hali ambayo mgonjwa akiifikia atafunguliwa hata kama daktari hajarudi. Aandike pia jina la mtu atakayemwangalia. Kama hakuna jina la kuandika, basi mazingira ya kumfunga mtu kwa usalama hayapo, na tunapaswa kukiri hivyo mbele ya daktari wakati huohuo badala ya kuendelea kimyakimya.

Mchangiaji (ndugu wa mgonjwa)

Nashukuru kwa mada hii, maana sisi tunaokaa nje ya geti tukisubiri saa ya kuona wagonjwa hatuna pa kuyasemea haya. Mama yetu alilazwa kwa kiharusi katika hospitali ambayo sitaitaja. Siku ya pili tuliambiwa tulete khanga mbili, nasi tukadhani ni za kumfunika. Tulipoingia jioni tulikuta ndizo zilizomfungia mkono wake mzima, ule mmoja aliokuwa bado anaweza kuutumia. Hakuna aliyetuambia kwa nini, na tulipouliza tulijibiwa kwamba alikuwa anavuta mpira wa puani.

Sikatai kwamba aliuvuta. Lakini mama alikuwa amepoteza usemi, na mkono ule ndio ulikuwa njia yake ya kusema na sisi. Kama tungeelezwa, mmoja wetu angekaa naye akamshika mkono, kwa kuwa tulikuwa mabinti watatu tuliofukuzwa wodini saa kumi na mbili jioni kwa sababu muda umekwisha. Naomba wahusika walifikirie hilo: mnawatoa ndugu nje, kisha mnamfunga mgonjwa kwa sababu hakuna wa kumwangalia.

Mchangiaji (muuguzi wa zamu ya usiku)

Dada mleta mada, nakuheshimu, na ulichokiandika ndicho tulichofundishwa chuoni. Lakini naomba usomaji wa watu wasiovaa sare usiishie kutuona sisi ni watu tusio na huruma. Usiku wodi yangu ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, na wagonjwa wamelala hadi kwenye njia. Saa nane usiku namwekea mmoja damu, mwingine anabadilika pumzi, wa tatu anakata roho, na yule anayeweweseka anataka kutoka mlangoni. Nikimwacha akaanguka na kuvunja nyonga, asubuhi nitaitwa mimi kujieleza. Nikimfunga, hakuna atakayeniita. Ndivyo mambo yalivyo, na mtu yeyote aliyewekwa kati ya njia hizo mbili atachagua ile isiyomletea barua.

Unasema aandikwe jina la mwangalizi. Jina litakalokuwepo ni langu, na hilohilo ndilo litakaloandikwa kwa wagonjwa wengine wote. Kumwangalia kila baada ya dakika 15, kama miongozo inavyotaka, ni jambo ambalo sitaweza kulifanya, na nikiandika kwamba nimelifanya nitakuwa nimeandika uongo. Tuambie cha kufanya katika wodi hizi tulizonazo.

Mleta mada

Kaka yangu wa zamu ya usiku, sijakuona kuwa mtu usiye na huruma, na ninafahamu kuwa barua za kujieleza huandikwa kwa wauguzi ambao wagonjwa wao wameanguka, haziandikwi kwa waliowafunga. Hilo ni kosa la uongozi, na litarekebishwa siku kifundo kilichochubuka kitakapohesabiwa kuwa tukio la kuripotiwa sawasawa na nyonga iliyovunjika. Lakini nitajibu swali lako kama lilivyo, kwa sababu ni swali la haki.

Jambo la kwanza limekwisha kusemwa na dada aliyemuuguza mama yake. Ndugu mmoja aliyeelekezwa vizuri ana thamani kubwa kwa mgonjwa wa namna hii, kwa kuwa sauti anayoifahamu, tena kwa lugha aliyokulia, humtuliza mtu aliyevurugika kuliko sauti yetu ya Kiswahili cha haraka. Kibali cha kukesha kinaweza kutolewa na msimamizi wa wodi, na hakihitaji bajeti. Ndugu huyo asiachiwe kazi ya muuguzi. Aambiwe kwamba kazi yake ni kukaa, kumshika mkono, kumkumbusha alipo, na kuita mapema.

La pili ni kitanda chenyewe. Mgonjwa anayeweweseka ahamishiwe karibu na meza ya wauguzi, na kitanda kishushwe hadi mwisho. Kama hakishuki, godoro liwekwe chini, maana anayeteremka kutoka kwenye godoro lililo sakafuni hana pa kuangukia. Tukumbuke kwamba vyuma vya pembeni vikipandishwa pande zote mbili navyo ni namna ya kumzuia mtu, na mwenye nguvu huvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi kuliko ambavyo angeanguka bila hivyo. Kuna pia wagonjwa walionaswa kichwa au kifua kati ya vyuma na godoro.

La tatu, na hapa ndipo ningependa madaktari nao wasome, ni kuuliza kila asubuhi kama mpira ule bado unahitajika. Tunamfunga mtu ili asichomoe dripu ambayo dawa zake zingeweza kumezwa tangu jana, au mpira wa mkojo ambao hakuna anayekumbuka uliwekwa kwa ajili gani. Kuondoa mpira usio na kazi kunaondoa sababu ya kumfunga. Ule unaohitajika unaweza kufichwa: dripu ifungwe bandeji hadi juu ya kiwiko na ipitishwe ndani ya mkono wa shati, na viganja vivalishwe glovu nene za kitambaa zisizomruhusu kubana kwa vidole lakini zikamwachia mikono yake huru. Glovu hizo nazo zivuliwe mara kwa mara, kwa ajili ya kuosha mikono na kukagua ngozi.

Kuhusu dakika 15, usiandike usichokifanya, kamwe. Andika ulichoweza, na andika kwamba ulikuwa peke yako na wagonjwa wangapi. Rekodi ya kweli ndiyo itakayokutetea, na ndiyo itakayomfanya mganga mfawidhi aone kwamba kufunga kunatokea zaidi usiku gani na kwa nini. Ukimfunga kwa sababu unaweka damu kwa mwingine, basi andika hivyo, na ukimaliza kuweka damu mfungue. Hiyo ni sababu inayoeleweka na ina mwisho wake.

Mchangiaji (daktari wa magonjwa ya akili, Kenya)

Nimesoma kwa makini na ningependa kuongeza upande wa wodi za akili, ambako jambo hili lina historia ndefu na chungu zaidi. Wengi hudhani kwamba wodi isiyofunga watu ni fikra mpya ya mashirika ya haki za binadamu. Lakini daktari Robert Gardiner Hill aliziondoa pingu na mikanda katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lincoln nchini Uingereza katika miaka ya 1830, na mwaka 1839 daktari mwingine, John Conolly, akafanya vivyo hivyo Hanwell, karibu na London, hospitali iliyokuwa na wagonjwa wapatao 800, wakati ambapo hapakuwa na hata moja ya dawa za magonjwa ya akili tunazozitumia leo. Walichokitegemea ni wahudumu waliochaguliwa vizuri na waliokuwa karibu na wagonjwa. Sisi tuna dawa, na bado tunafunga.

Nchi zetu zimejifunga kisheria. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008 na Tanzania ikafuata mwaka 2009. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, Uganda ina yake ya mwaka 2018, na hapa kwetu sheria ya zamani ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo na zana za kupima vituo kuhusu haki za wagonjwa tangu mwaka 2012. Karatasi zipo. Kinachokosekana, kama mleta mada alivyosema, ni mtu anayejua kwamba kazi ya kufungua ni yake.

Naomba pia tusiisahau sindano. Mgonjwa akidungwa dawa za kutuliza kwa sababu tu anasumbua wodi, hadi akashindwa kusimama, huyo naye amezuiwa mwili wake, ijapokuwa hakuna mkanda unaoonekana. Tena dawa hiyo haina fundo la kufungua. Ikishaingia inabidi imalize muda wake. Pale inapohitajika kweli, kwa mfano kwa mtu mwenye hasira kali inayotishia maisha, itolewe kwa kipimo kinachojulikana, na baada ya hapo pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha fahamu viangaliwe kwa karibu. Kwa mzee aliyevurugika ghafla, dawa za jamii ya diazepamu mara nyingi humzidishia kuchanganyikiwa, isipokuwa pale tatizo linapokuwa ni kuacha pombe, ambapo ndizo tiba. Hatari kubwa kuliko zote ni kuvichanganya viwili hivi: mtu aliyelala kwa dawa huku amefungwa chali.

Jambo moja ambalo mara nyingi tunaliruka ni mazungumzo baada ya kufungua. Mgonjwa akishatulia, siku hiyo au siku inayofuata, mtu aketi naye amweleze kilichotokea na amsikilize. Wapo wagonjwa walioniambia kwamba hawakukumbuka lolote kuhusu ugonjwa wenyewe, ila walikumbuka dari na mikono yao isiyokwenda popote. Wengi wao ndio wale wanaokataa kurudi kliniki, na sisi tunaandika kwenye faili kwamba wameacha dawa.

Mchangiaji (muuguzi, chumba cha wagonjwa mahututi)

Kwetu sababu inayotolewa karibu kila mara ni mpira wa kupumulia. Mgonjwa akiuchomoa mwenyewe anaweza kufa ndani ya dakika chache, kwa hiyo mikono hufungwa tangu mashine inapounganishwa, bila ya mtu kufikiri. Lakini wenzangu watakubaliana nami kwamba wagonjwa wengi waliochomoa mipira walikuwa wamefungwa wakati huo. Mtu huinamisha kichwa hadi kwenye mkono wake, au huusukuma mpira kwa ulimi. Tena si wachache waliochomoa ambao hawakuhitaji kurudishiwa, jambo linaloonyesha kwamba tulikuwa tumechelewa kuwatoa kwenye mashine.

Kilichotusaidia ni kupunguza dawa ya usingizi kila asubuhi, kutibu maumivu kwanza, na kumpima mgonjwa kama amevurugika kwa maswali ambayo anaweza kuyajibu kwa kubana mkono wetu. Wakati muuguzi yuko kitandani, mkono mmoja hufunguliwa. Ukitulia, unaachwa. Hatuna haja ya kusubiri raundi ya daktari ili kujua kwamba mtu anayetutazama na kutikisa kichwa anapoulizwa maumivu anaweza kuaminiwa kwa mkono wake.

Mchangiaji (muuguzi Mtanzania anayefanya kazi Ujerumani)

Nachangia kwa sababu huku nilipo jambo hili lilifika mahakamani. Tarehe 24 Julai 2018, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba kumfunga mgonjwa wa akili kitandani kwa mikanda mitano au saba, ikiwa si kwa muda mfupi wa takribani nusu saa, ni kumnyang'anya uhuru, na kwa hiyo kunahitaji amri ya jaji. Mahakama ilitaka pia mgonjwa awe na mhudumu wake mmoja aliye naye wakati wote amefungwa, na akishafunguliwa aambiwe kwamba ana haki ya kwenda mahakamani kuhoji alichofanyiwa. Matokeo yake wodini ni kwamba kila mtu sasa anajua saa ambayo mgonjwa alifungwa, kwa sababu nusu saa inapokaribia ni lazima ama umfungue ama umpigie jaji simu.

Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1998 gazeti la Hartford Courant lilichapisha uchunguzi wa vifo 142 vilivyohusishwa na kufungwa au kutengwa katika taasisi za afya ya akili na za watu wenye ulemavu katika muda wa miaka kumi. Mwaka uliofuata serikali ikatoa kanuni, zikakamilishwa mwaka 2006. Kwa mgonjwa mwenye fujo, amri ya daktari haizidi saa 4 kwa mtu mzima, saa 2 kwa mwenye umri wa miaka 9 hadi 17, na saa 1 kwa mtoto wa chini ya miaka 9, na anayefungwa lazima aonwe ana kwa ana ndani ya saa moja. Amri ya "afungwe akisumbua" imepigwa marufuku kabisa. La muhimu zaidi kwa mjadala huu ni kwamba kanuni hizo zinataka mgonjwa afunguliwe mapema iwezekanavyo, hata kama saa zilizoandikwa kwenye amri hazijaisha.

Najua tofauti ya rasilimali ni kubwa. Hata hivyo saa ya ukutani ipo kila wodi.

Mchangiaji (mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa mwisho)

Naomba kuuliza maswali mawili. La kwanza, kwa vitendo kabisa, mtu anafunguliwaje bila kuhatarisha wahudumu? La pili, tunafanyaje kwa mgonjwa aliyeletwa na polisi au magereza akiwa na pingu, ambapo mkubwa wa zamu hutuambia tusiguse kwa sababu hilo si letu?

Mleta mada

Kwa swali la kwanza, mwanangu, kufungua kwa urahisi kunategemea ulivyofunga. Tumia kitambaa kipana chenye pamba ndani, si bandeji nyembamba, kwa kuwa bandeji nyembamba inakata ngozi. Vidole viwili vipite kati ya kitambaa na kifundo. Fundo liwe la kuvutwa mara moja likafunguka, na lifungwe kwenye fremu ya kitanda inayosogea pamoja na mgonjwa, lisifungwe kwenye vyuma vya pembeni, kwani siku mtu atakapovishusha kwa haraka atauvuta mkono wa mgonjwa. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo, au mgonjwa alazwe ubavu.

Angalau kila baada ya saa mbili afunguliwe hata kama bado hajatulia, kiungo kimoja kimoja, akunjwe na kunyooshwa, apewe maji, aulizwe haja, ageuzwe. Wakati huo ndio wa kumpima kama anaweza kubaki huru. Zungumza naye kabla ya kugusa fundo, mwambie unachotaka kufanya, mfungue mkono mmoja na ukae naye. Akitulia kwa dakika chache fungua mguu wa upande wa pili, kisha vilivyobaki. Usimwache mtu mzima mwenye nguvu amebaki na mkono mmoja tu umefungwa kisha ukaondoka, maana anaweza kugeuka na kuanguka akining'inia. Na usimwekee sharti la kuomba msamaha au kuahidi tabia njema. Kinachotakiwa ni hatari kuwa imepita, basi.

Swali la pili ni zito, na mkubwa wako wa zamu amekosea kwa nusu. Pingu ni za askari, lakini mkono ulio ndani ya pingu ni wa mgonjwa wako, na ngozi, vidole na mzunguko wa damu ni kazi yako kuvikagua kama kwa mgonjwa mwingine yeyote. Daktari ana haki ya kuomba pingu ziondolewe kwa ajili ya tiba, na ombi hilo liandikwe kwenye faili pamoja na jibu lililotolewa. Kwa mama mjamzito hakuna mjadala: Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumfunga mwanamke kwa kifaa chochote wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua na mara baada ya kujifungua, na mkunga ana kila sababu ya kuzitaja kwa sauti mbele ya askari.

Zaidi ya hapo, muulize askari aliyekaa kwenye benchi ufunguo uko wapi. Mara nyingi utaambiwa umebaki kituoni, au anao mwenzake aliyekwenda kunywa chai. Moyo wa mgonjwa huyo ukisimama, mtahitaji kumlaza sawasawa na kumkandamiza kifua papo hapo huku mkono wake mmoja umening'inia kwenye chuma cha kitanda, na hakuna mkasi wa kukata pingu. Kwa hiyo kila zamu inapokabidhiwa, jina la askari na mahali ulipo ufunguo viandikwe kwenye ripoti pamoja na dripu na joto la mwili, na anayepokea aende akauone ufunguo huo kwa macho yake kabla ya kutia saini.